Nilisema Zihamishwe Zote

Niligonga kaunta ya saiba, lile duka la kompyuta, mpaka kipanya kikaanguka. "Wewe umeniibia mtoto," nikamwambia dada anayefanya kazi hapo.

Mtoto wangu Mwenda anaishi na mamangu Kiirua. Mimi nakata mboga hotelini hapa mjini Maua, na nikifunga mlango jioni sina wa kuongea naye, kwa hivyo huwa naangalia picha zake kwa simu. Sasa simu ilikuwa imejaa. Nikanunua flashi, nikampelekea huyo dada.

"Nikuhamishie zote?" akaniuliza.

"Zote. Usiache hata moja."

Mimi na kidato changu cha nne nilijua anatoa nakala tu. Kufika chumbani, simu haina mtoto.

Ndiyo maana niligonga kaunta. Alijaribu kuniambia ziko kwa flashi, lakini nilikuwa nishatoka, naenda kwa chifu kutaka ashikwe.

Chifu aliichomeka flashi kwa kompyuta yake. Mwenda akatokea, mdomo umejaa uji, halafu Mwenda mwingine, na mwingine. Watu wote waliokuwa wakingoja huduma wakaangua kicheko.

"Mama Mwenda, kwani mtu akihama huacha nini kwa nyumba?" chifu akaniuliza.

Uso ulikuwa unawaka.

"Haya, niandike unalalamikia nini?"

Niliangalia hiyo kompyuta yake, mtoto wangu akinichekea ndani.

"Andika hakuna mtu aliniuliza kama niko na kompyuta nyumbani."