Jino la Ukoo

Mama mkwe wangu alipenda kusema kwamba aliolewa kwa sababu ya meno. Yeye mwenyewe aling'olewa mawili ya chini akiwa msichana, kama desturi ya Waturkana ilivyotaka, na alicheka bila kuficha pengo. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa na jino la ziada, dogo, limejibanza nyuma ya yale ya mbele. Alimpendea hilo. Baadhi ya watoto wao walilirithi, mume wangu akiwemo, na kijijini kwao, Chechelesi, likawa kitambulisho cha ukoo. Mjukuu akishaota meno ya ukubwani, nyanya humketisha mlangoni penye mwanga, akamwinua kidevu, akatafuta.

Kwa kifungua mimba wangu hakuona kitu. "Wewe ni wa Meru," akamwambia, kwa kuwa kwetu ni Meru, na mtoto akanuna siku nzima. Kwa binti yangu alilipata, na kuku akachinjwa.

Jino moja la mbele la binti huyo lilikataa kushuka, nikampeleka hospitali ya kaunti. Nyanya alikuja pia; wa kumzuia hajazaliwa. Daktari wa meno, dada mpole, alipiga picha akatuonyesha meno mengine yaliyojificha ndani ya mfupa, na uvimbe mdogo mgumu tayani, ambao miaka yote nilikuwa naubusu tu.

"Kuna mwingine kwenu ako na meno kama haya?"

"Wako wengi," mama mkwe akajibu kwa majivuno. "Mzee wangu. Msichana wangu wa kwanza. Shemeji yangu wa Leparua."

"Wako wapi sasa?"

"Walituacha."

"Waliugua nini, mama?"

"Tumbo." Akawahesabu tena kwa vidole. "Wote ni tumbo."

Hapo akajisikia mwenyewe. Alifunika mdomo kwa kiganja, na kabla ya siku hiyo sikuwahi kumwona akilificha pengo lake. Nilimpenda na kumwonea huruma kwa wakati mmoja.

Daktari alieleza polepole. Jino lenyewe haliui, ila meno ya namna hiyo wakati mwingine huandamana na ugonjwa wa kurithi: vinyama vinaota kwenye utumbo mpana, na vikiachwa hugeuka saratani. Tulitumwa Nairobi, sote. Mume wangu, aliyekuwa akisingizia pilipili kila alipoona damu chooni, alikutwa navyo vingi, akakatwa utumbo huo kabla haujaharibika. Anaishi, na bado ananibishia. Binti yetu anao ugonjwa huo pia. Kila mwaka anaingizwa kamera kuangaliwa, na asubuhi hizo nazichukia kwa moyo wote.

Kijana wetu, yule kifungua mimba, alipimwa damu vilevile, maana daktari alionya kwamba kukosa jino hilo si kinga. Majibu yake yalichelewa kuliko ya wengine. Yalipokuja, nilimpigia mama mkwe simu nikamwambia ni mzima, hakurithi.

Tulipofika kwake hakusalimu mtu. Alimketisha kijana mlangoni, akamwinua kidevu ambacho sasa kilikuwa na ndevu mbili tatu, akamtazama kinywani muda mrefu. Kijana alikunja uso, akingoja utani ule ule.

"Wewe ni wa Meru," nyanya akasema, machozi yakimtiririka. "Wa Meru kabisa."

Kisha akaenda kukamata kuku.