Robati Aliyerudi Temeke

Kitabu cha Mwalimu Daudi kilinuka vitunguu. Alirudi nacho kutoka vitani Burma, akawa anakibeba kwenye kikapu chake cha sokoni, na kila kilipofunguliwa darasa zima la nane lilishikwa na njaa. Kilikuwa kimoja tu, cha Kiingereza, hadithi ya mvulana Robati aliyedanganya umri ili awe askari. Mwalimu alisoma ukurasa, akachechemea hadi dirishani, kisha akaniamuru niutafsiri, kwa kuwa mie ndiye niliyeshindikana kunyamazishwa. Nami sikutafsiri tu. Nilitambaa chini ya madawati, nikanguruma kama mzinga, nikafa na kufufuka hadi kengele ikalia.

Jioni nilirudia yote barazani kwa jirani yetu Bi Mwanaidi, wanawake wakisukana nywele. Mwanawe, Salumu, alikwenda vitani hakurudi, wala habari ya kifo haikuja. Kwa hiyo matanga hayakuwekwa, na kanzu yake ilifuliwa na kuanikwa kila wiki. Niliwaambia wazi kwamba Robati ni wa kitabuni. “Kwani kitabu huandikwa juu ya nini, kama si mtu?” akanijibu Bi Mwanaidi. Basi mvua ikinyesha waliuliza kama Robati ana blanketi. Aliposhikwa na homa wakamsomea dua na kutoa sadaka ya maandazi, nami nikayala kwa niaba ya mgonjwa.

Muhula ulipokaribia kwisha, Mwalimu akasoma sura ya mwisho. Robati aliuawa kando ya mto, vita vikielekea ukingoni. Safari hii hakuniamuru kutafsiri. “Utawaambiaje wale mama zako?” aliniuliza. Kumbe habari za baraza alikuwa nazo.

“Kwani Mwalimu, huko walikufa wote?”

Akautazama mguu wake. “Mimi nilirudi.”

Jioni ile sikutambaa wala kunguruma. “Haya, mwanangu,” Bi Mwanaidi akasema, “Robati?”

“Amerudi. Anachechemea, lakini amerudi.”

Akajifunika uso kwa kanga. “Basi njia ipo,” akasema. Kesho yake akapika pilau, mtaa mzima ukala.

Kwenye mtihani tuliulizwa mwisho wa Robati. Niliandika kwamba alirudi, akalishwa pilau Temeke. Mwalimu akanikata alama zote, kisha akaandika pembeni kwa wino mwekundu: “Ilikuwa na nyama?”

Sasa nasoma shule kubwa ya mjini. Kila mtu ana kitabu chake, kipya, kinanuka gundi. Tunaulizwa maudhui, tunajibu maudhui. Hakuna anayeuliza kama jamaa wa kitabuni amekula. Jumamosi hurudi Temeke, nikamwamkia Bi Mwanaidi shikamoo, naye kabla ya kuuliza masomo huuliza, “Robati hajambo?” Juzi nilimwambia ameoa. Akacheka hadi akashika mbavu, kisha akainuka kwenda kuianua kanzu kabla umande haujaanguka.