Sauti Yangu Ilifutwa, Ikaitwa Ukimya

Mdogo wangu alichukua maneno yangu akayasema kama yake mbele ya kinasa sauti, na mwandaaji wa maonyesho akaifuta sauti yangu. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nalilia kitu kingine.

Mama yetu alitengeneza batiki. Kwa miaka thelathini alichora vitambaa kwa nta na kuvitia rangi uani kwetu, na duka lililovinunua likavishonea lebo yake. Hakuna kitambaa hata kimoja kilichotoka na jina la mama. Mimi nilitolewa shule darasa la pili nimsaidie kwenye sufuria ya nta. Mdogo wangu alisoma. "Huyu ana kichwa, wewe una mikono," mama alizoea kusema, na wageni wakicheka nami nilicheka, lakini neno hilo limenikaa kooni mpaka leo. Alikuwa na sare mbili za shule, moja ya kuvaa, moja ya kufuliwa. Mfuaji ni mimi.

Mama alipofariki, alikuja yule mwandaaji kutoka jumba la sanaa, mwanamke mpole, viatu alivivua mlangoni bila kuambiwa. Alisema anaandaa maonyesho ya wanawake ambao kazi zao zilipendwa na wao wenyewe wakasahaulika, na anataka kumrekodi mtoto wa marehemu. Mdogo wangu alikuwa ameshawahi kiti cha mama, amevalia gauni lake la kijani, ananukia sebule nzima.

"Na huyu?" mgeni akauliza.

"Ni dada yangu. Anatuandalia chai."

Basi nikawa mtu wa chai. Mlango wa jikoni haufungi, kila swali nililisikia. Mgeni akauliza ile mistari myembamba kama nyufa mama aliipataje.

"Alikuwa anakikunja kitambaa kwa hasira," mdogo wangu akajibu.

"Hasira ya nani?" nikapaza sauti. "Ni maji ya baridi! Nta ikipoa inakuwa ngumu, ukiikunja inapasuka, rangi inapenya kwenye nyufa."

Mdogo wangu akasema taratibu, kwa sauti ya kusomea risala, "Kwanza alikitumbukiza kwenye maji ya baridi..."

Ikawa ndiyo kazi ya mchana kutwa. Akikwama anakohoa, mimi natoa jibu, yeye analipiga pasi na kulivaa. Mara moja alinifuata jikoni.

"Dada, ile nyekundu iliyokolea mlikuwa mnaipataje?"

"Kwani wewe ulikuwa unaishi wapi?"

"Jamani dada, si wakati wake."

Nikamwambia: kitambaa kilichovywa mara tatu, kikikaushwa kivulini kila mara. Na nilijivuna, sitaficha. Nilidhani kinasa sauti kinatunasa wote.

Baada ya miezi miwili maonyesho yakafunguliwa. Kadi ya mwaliko iliandikwa jina la mdogo wangu "na mgeni mmoja". Mgeni huyo ni mimi. Vitambaa vya mama vilining'inia kutoka darini, jina lake kubwa ukutani, na machozi yalinitoka ya furaha kabisa. Halafu nikaingia chumba kidogo chenye kiti na visikilizi vya kuvaa masikioni. Nikamsikia mgeni akiuliza habari za nyufa. Hasira haikuwepo, imeondolewa. Kukawa kimya, kimya kirefu, kisha mdogo wangu: "Kwanza alikitumbukiza kwenye maji ya baridi..."

Ukutani kulikuwa na maandishi. Niliyasoma polepole, kwa kidole: "Ukimya huu tumeuacha makusudi. Ni uchungu wa binti anayemkumbuka mama yake." Niliposikiliza mpaka mwisho nilihesabu kimya saba. Nilipotoka, mama mmoja akavaa visikilizi, na muda si mrefu alikuwa anajifuta macho. Analizwa na mahali nilipokuwa nikiongea mimi.

Nikamtafuta mwandaaji. "Pale penye kimya ni mimi ninayesema."

"Kulikuwa na kelele za jikoni, mama. Fundi wetu alizisafisha."

"Kelele gani?"

"Vyombo... na sauti fulani kwa mbali."

"Sauti fulani ndiyo hii."

Akashika mdomo. Aliniomba radhi, kisha akanipeleka kwenye fremu tupu mwisho wa ukumbi, waliyoitundika kwa ajili ya wote wasiojulikana. "Na wewe umo humu," akasema.

"Mimi unanijua. Umekunywa chai yangu."

Mdogo wangu alikuwa katikati ya watu, amekumbatia maua. "Waambie," nikamnong'oneza.

"Dada, leo ni siku ya mama. Usiniharibie."

"Kama ni siku ya mama, mbona maua umeshika wewe?" nikauliza, sasa kwa sauti.

Watu wakacheka. Naye akacheka, akaniwekea mkono begani. "Dada yangu huyu, kwa utani hamumwezi!"

Wataniita mwenye wivu. Ninao. Niliionea wivu ile sare nikiwa na povu mpaka viwikoni, na maua yale niliyatamani hata yakanichoma macho. Wivu wangu haubadilishi aliyesema nini.

Mwandaaji amekiri kwamba rekodi nzima anayo. Anadaiwa sauti yangu mahali saba, na maandishi mengine ukutani, kabla maonyesho hayajafungwa. Mpaka sasa jibu lake ni "tutaangalia". Mdogo wangu anadaiwa sentensi moja, aiseme mbele ya watu walewale: kwamba aliyekuwa akijua ni dada yake.