Mgongo wa Nguzo

Mendel Gorelik alipopata kazi ya kuchora vitabu vya katuni, mwaka wa 1946, baba yake hakumpongeza. Mzee Feivel alikuwa mchukuzi katika kiwanda cha nguo Manhattan. Tangu ashuke melini kutoka Minsk, kazi yake ilikuwa kupandisha majora ya kitambaa hadi ghorofa ya nne. Jioni moja nyumbani kwao Bronx, akinywa chai kwa bilauri, akakitupia jicho kitabu kimoja cha katuni, akauliza:

"Na huyo mwanamume anayeruka na chupi nje, anamfaa nani?"

"Watoto, Baba."

"Watoto wana masomo."

Mendel akarudi kwenye karatasi zake. Alikuwa amekabidhiwa shujaa asiye na wapenzi wengi, jina lake Nguzo, ambaye uwezo wake wote ulikuwa kubeba. Waliomtangulia walimchora akiinua magari huku anatabasamu, kana kwamba kabeba unyoya. Mendel naye akafuata hivyo hivyo mwaka mzima. Kila akizitazama kurasa zake aliona zina upungufu, asijue ni upi.

Siku moja mama alimtuma kiwandani na chakula cha mzee. Akamkuta baba yake ngazini, jora begani, mishipa ya shingo imemtoka, anapanda kidato kimoja kimoja. Hakumwita. Alisimama pale chini, chakula mkononi, mpaka mzee akapotelea juu.

Jumapili yake akamchora Nguzo chini ya daraja linaloporomoka: mgongo umepinda, meno yameumana, jasho linamchuruzika. Akampelekea baba yake. Mzee akavaa miwani, akaitazama karatasi kitambo.

"Huyu ataanguka."

"Kwa nini?"

"Mgongo umeupata. Lakini mzigo hushikwa na miguu, mwanangu. Wewe umempa miguu ya mcheza dansi." Akainuka, akasimama katikati ya jiko, akakunja magoti, mguu mmoja nyuma. "Hivi. Chora upesi, magoti haya hayangoji mtu."

Mhariri, Bwana Wexler, aliupokea ukurasa ule kwa uso uliokunjana.

"Gorelik, shujaa hachoki."

"Anachoka, Bwana Wexler. Ila haachii."

"Nani atanunua uchovu?"

Lakini mitambo ya uchapaji ilikuwa inangoja, ukurasa ukachapwa. Baada ya wiki chache zikaanza kuja barua. Binti wa mchimba makaa wa Pennsylvania aliandika: "Nguzo anafanana na baba akitoka zamu." Wexler alimwekea Mendel barua hiyo mezani bila neno, kisha akaagiza kurasa mbili zaidi za namna ile. Haikupita miaka mitano, wachoraji mji mzima wakawa wanawapa mashujaa wao uzito.

Mendel alipofikisha miaka hamsini na minane, baridi yabisi ilimkaza vidole, akaweka brashi chini. Alidhani amesahaulika. Kumbe mwaka wa sabini na nane wapenzi wa katuni walimwalika hotelini kuhutubia. Mlangoni alizuiwa na mwanamke kijana aliyekumbatia mkoba wa michoro, Roberta Kowalczyk wa Cleveland.

"Bwana Gorelik, nimejifunza kuchora kwa kunakili kazi zako."

"Pole. Hebu nione."

Wakakaa sakafuni nje ya ukumbi. Mendel akazipitia kurasa za Roberta moja moja, akigombana na kila kiwiko. Waandaaji walipokuja kumwita mara ya tatu, aliwaambia watafute msemaji mwingine, yeye bado yuko ukurasa wa tisa.