Kipeperushi cha Mama Wadau

Kazini walimwita Mama Wadau, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Mtu anayetamka "wadau" mara tano kabla hajamaliza kikombe cha chai asilalamike akibandikwa jina. Cheo chake halisi kilikuwa afisa uhusiano wa maabara ya utafiti wa anga, na kazi yenyewe ilikuwa kuwaeleza watu yale ambayo wataalamu hawakujua kuyaeleza. Wao wakisema "mawimbi hafifu ya redio", yeye anakwenda shuleni, sokoni na kwenye vikao vya mtaa, anayameng'enya hayo mpaka bibi kizee mwenye haraka zake ayaelewe. Kipaji alikuwa nacho, hakuna aliyebisha.

Ndiyo maana dishi jipya lilipojengwa nyuma ya ukuta wa maabara, jeupe, pana kuliko nyumba yoyote ya mtaa ule, yeye ndiye aliyepewa kuandika kipeperushi cha majirani. Alikaa nacho siku mbili. Akafuta maneno magumu yote, akabakiza sentensi moja kwa herufi nene chini ya picha ya dishi: "TUNASIKILIZA USIKU NA MCHANA." Mtafiti mkuu aliisifu. Mwenyewe aliipenda mno, na ukipenda, chongo huita kengeza.

Kipeperushi cha kwanza alikipeleka kwa baba yake. Mzee alikuwa fundi saa mstaafu, akiishi peke yake kwenye nyumba iliyopakana na ukuta ule tangu mkewe alipofariki mwaka uliotangulia. Alivaa miwani, akakisoma mara mbili, akakikunja vizuri na kukitia mfukoni.

Tangu wiki ile mzee akawa kama bubu. Zamani binti akipiga simu, nusu saa ilikuwa haitoshi: goti linauma, paka wa jirani ameiba tena, fundi bomba ni mwongo wa kuzaliwa. Sasa ilikuwa, "Mimi mzima. Wewe mzima? Haya," na simu imekatwa. Alipomtembelea, mzee alimjibu kwa kichwa na mikono. Jiko lilikuwa baridi, mkate mkavu mezani. Mama Wadau akampeleka hospitali, na daktari akasema huyu mzee ana akili timamu na masikio mazuri kuliko yake. Shangazi akasema ni uchungu wa kufiwa, utapita. Haukupita. Siku moja Mama Wadau alijifungia msalani kazini akalia, maana mama alikwisha kumzika, na hakuwa na moyo wa kumpoteza baba huku akiwa hai.

Mwezi wa pili ukafika mkutano wa majirani, kwenye ukumbi wa shule. Kwa kawaida watu wa mtaa ule hubishana mpaka chai inaisha. Safari hii walikaa kimya, simu zao wamezizima. Hata msusi, ambaye habari zote za mtaa hupitia kwake kwanza, alikuwa ameufumba mdomo. Mama Wadau akaomba maswali mara tatu. Mara ya tatu, baba yake akasimama, kofia mkononi.

"Mwanangu," alisema, "mmeandika kwamba mnasikiliza usiku na mchana. Sawa, ni kazi yenu. Lakini mimi kila nikipika huwa naongea na mama yako. Namsimulia siku ilivyokwenda. Tangu ulete ile karatasi nimeacha, maana si maneno ya kusikiwa na maofisa. Nataka kujua tu, yale ya nyuma mliyasikia?"

Hakuna aliyecheka. Msusi alishika shavu, akatazama chini. Mama Wadau aliiacha mezani karatasi yake ya majibu. Alishuka jukwaani, akachuchumaa mbele ya baba yake.

"Hatukusikia hata neno moja, baba. Dishi linapokea mawimbi ya nyota, halisikii watu. Neno nililiandika mimi, na nimelikosea. Nisamehe."

Mzee akasema kusamehe si tatizo, tatizo ni kuamini. Saa huiamini kwa kuambiwa tu kwamba inatembea, unaiweka sikioni.

Kwa hiyo kesho yake asubuhi aliingia maabara, wa kwanza katika mtaa mzima. Mtafiti mkuu akamkalisha, akamvisha vipokea sauti. Mzee akafumba macho, akasikiliza kama alivyosikiliza saa za watu kwa miaka arobaini. Kilichokuja kilikuwa mchakacho tu, kama mafuta yanayokaanga kitu chumba cha pili. Hakuridhika. Akamwagiza binti yake aende asimame chini ya dishi aseme jambo kwa sauti kubwa, jambo la kweli, si moja mbili tatu.

Mama Wadau akatoka juani, akasimama chini ya lile dude jeupe. Alidhani atataja jina lake na tarehe. Badala yake alijikuta anayasema yale ambayo mwaka mzima hakuwa amemwambia mtu, kwa sauti iliyomfanya mlinzi wa getini ageuke.

Aliporudi, mzee alikuwa ameshavua vile vitu masikioni, uso umemlegea.

"Sikusikia kitu," alisema. "Hata kidogo. Ulisema nini?"

Ikabidi arudie, safari hii ana kwa ana, mtafiti mkuu akijifanya anatafuta kalamu.

"Nilisema namkumbuka mama mpaka nashindwa kulitaja jina lake. Na wewe uliponyamaza, nilidhani nimebaki peke yangu."

Mzee akamshika mkono, akaufunika kwa mikono yake miwili.

"Hayo usiniambie mimi," alisema. "Njoo Jumapili nikipika, umwambie mwenyewe."

Jumapili alikwenda. Akakaa jikoni akimenya vitunguu, akamsimulia mama yake habari yote tangu mwanzo, na pale aliporuka kitu, baba yake alimrudisha.