Vikadi vya Noeli visivyo na majina

Jua la asubuhi limeshapanda Kabambare, mashariki mwa Kongo, na Mama Régina ameketi barazani, akibonyeza kipande cha mpira kwenye kitambaa kilicholowa wino. Anakigandamiza juu ya kikadi alichokata kutoka boksi la sabuni, kisha anakiinua taratibu. Nyota ya buluu imetokea. Kikadi anakianika kwenye ungo, kando ya vingine vyenye mbuzi, kengele na mtoto ndani ya hori.

Ni Desemba. Familia zinafunga vifurushi vya kupeleka kwa pikipiki Salamabila, kwa watoto wao wanaochimba dhahabu. Kila kifurushi kinafungiwa kikadi.

"Mama Régina, unipigie na jina ya mutoto: Magloire," anaomba mama mmoja.

"Jina hapana, mama. Iko nyota, iko mbuzi. Jina utaandika na kalamu, na biki."

Mihuri anaichonga mwenyewe kwa wembe, kwenye soli za kandambili zilizochakaa. Wino mweusi anaupika kwa masizi na uji mwepesi wa muhogo. Wa buluu anauagiza Kasongo, alikozaliwa.

Zamani alikuwa na herufi zote, zimepangwa ndani ya kisanduku. Kikadi chenye jina kilimpatia franga mia tano. Cha nyota tupu ni mia mbili, na wengi hugeuka wakaenda zao.

Mwaka juzi, Noeli ikiwa imekaribia, karatasi za njia, vile vibali vya kusafiria, zenye muhuri wa bandia zilikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani. Wakubwa wa serikali wakaulizana ni nani hapa anayejua kuchonga muhuri. Aliyewajibu ni Papa Théophile, jirani yake, anayesali naye kanisa moja. Alikwenda ofisini na kikadi mkononi, kile ambacho Régina alimtengenezea mwanawe.

"Aliwaambia: 'Huyu mwanamuke anaandika jina ya mutu yeyote,'" anasimulia. "Na kile kikadi nilimupa bure. Mutoto wake alikuwa mugonjwa kule Salamabila, nikamuhurumia."

Askari walimfuata Régina nyumbani saa ya chakula. Kisanduku chake cha herufi kilimwagiwa petroli uani, mbele ya majirani, kikawashwa moto.

"Mupira ukiungua unanuka vibaya. Nilitapika. Watu wakasema: mumeona, iko anatapika uongo wake."

Noeli ilimkuta mahabusu, akisikia kwa mbali kwaya yake ya kanisani ikiimba bila yeye. Baada ya mwaka mpya ikajulikana kwamba muhuri ule ulitengenezwa kwa mashine, katika mji mwingine, na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Kabambare. Régina akafunguliwa mlango.

"Nilingoja waniambie hata pole. Askari akaniambia nishukuru Mungu, niende nyumbani."

Tangu hapo hajachonga herufi hata moja. Akishika wembe kuchonga herufi, anasema, mkono unakataa.

Wiki iliyopita Papa Théophile alisimama mbele ya ungo wake, kofia mkononi. Alitaka kikadi kwa ajili ya mwanawe yuleyule.

"Mama Régina," alisema, "yale mambo si yaliisha?"

"Yaliisha kwako, papa."

Hata hivyo alimuuzia. Alipokea pesa bila kumtazama usoni, akamwachia achague mwenyewe.

"Nilitaka kumukatalia," anasema, akifuta wino vidoleni. "Lakini chumvi ilikuwa imeisha ndani ya nyumba. Hilo ndilo linaniuma kuliko mahabusu."

Sikukuu ikipita, Régina atapanda pikipiki kwenda Kasongo kwa dada yake, Victorine, ambaye ameshamtengea pembe ya kibanda chake sokoni. Soli za kandambili ameshazikusanya gunia zima. Huko, anaamini, mkono utakubali tena.

"Kasongo nitachonga A mpaka Z," anasema. "Mutu akitaka jina ya mutoto wake, nitamupigia. Hawa wa hapa, waandike na biki. Mvua ikifuta, wajue wenyewe."

Anachukua kikadi kingine, anakipiga muhuri wa mbuzi.