Trela za Masinde

Masinde hakuwa mtu wa kuomba ushauri. Akija kukuuliza jambo, ujue ameshaamua na anatafuta wa kubishana naye. Kwa hiyo asubuhi ile alipovuka mfereji kuja kwenye banda langu, kofia mkononi, nikaacha nyundo nimsikilize.

"Ondiek," akasema, "wewe umesoma kidogo. Mtu akikupigia simu akuambie umeshinda tuzo ya afya, huyo si mwizi?"

"Mwizi kabisa," nikamwambia. "Funga simu."

"Anasema nimeokoa akina mama wa kijijini."

"Akina mama gani?"

"Hapo ndipo sielewi."

Mimi natengeneza majiko ya makaa hapa Katwe, na Masinde jirani yangu anachomelea vyuma. Sote ni Wakenya, yeye Mbukusu wa Sirisia, mimi Mjaluo, na tumeishi ubavu kwa ubavu tukigombana tangu miaka michache baada ya vita vya themanini na sita, wakati kila mwenye nyumba Kampala alikuwa anatafuta geti la chuma na madirisha ya chuma. Kwa geti, Masinde hana mpinzani. Kwa afya, sijawahi kumwona akimeza hata kidonge cha kichwa. Ndiyo maana nilicheka, naye akanikasirikia, akarudi kwake bila kuaga.

Ili uelewe alivyochanganyikiwa, lazima nikueleze kuhusu Moreen, mkewe. Moreen alifia hapa Kampala, na sisi Wakenya wa huku tuna kawaida yetu: maiti hairuhusiwi kulala ugenini. Chama chetu kilikodi pikapu, tukaenda naye hadi nyumbani kwao Masinde, ng'ambo ya mpaka wa Lwakhakha. Lakini gari liliishia barabarani. Kipande cha mwisho kilikuwa njia ya mawe, na jeneza likawekwa juu ya mkokoteni wa magunia. Mkokoteni ule ulikuwa unaruka. Kila ukiruka, tulisikia Moreen akigonga mbao kwa ndani. Masinde alitembea kando yake njia nzima, na kwenye mazishi hakulia, maana hasira ilikuwa imemjaa hadi kooni.

Tuliporudi Katwe hakugusa geti la mtu. Alikata vyuma, akatafuta springi za gari kuukuu, akaunda trela ya kuvutwa na pikipiki, ndefu na nyembamba, ya kulaza jeneza bila kulitikisa. Hata ukipita kwenye shimo, kilichomo hakistuki. Akaipaka rangi nyeusi, akakikabidhi chama. Wenzetu kadhaa walifika makwao kwa heshima kwa ajili ya trela ile, na mimi, ambaye simsifu Masinde kwa urahisi, nilimsifu.

Baada ya msiba mmoja wa mwalimu wa huko mpakani, pikapu ilijaa waombolezaji na trela ikakosa nafasi. Tukaiacha upande wa Uganda, kwenye ua wa zahanati moja ndogo, tukasema tutaifuata. Kabla hatujaifuata, muuguzi wa pale akampigia Masinde simu. Aliitwa Alanyo, mwanamke wa Kitgum ambaye mumewe ni askari polisi aliyehamishiwa kituo cha mpakani. Aliomba hiyo trela ibaki, na kama inawezekana, atengenezewe nyingine.

Masinde akamtengenezea. Baadaye Alanyo akaomba ya tatu.

"Zahanati gani hii?" Masinde akaniuliza, uso umemkunjamana. "Wanatibu au wanazika?"

Nami nikakubaliana naye kwamba kuna kitu hakiko sawa. Tulikaa hapa tukiwahurumia watu wa kule. Kila trela ilipoondoka Katwe, Masinde alivua kofia akasimama kimya barabarani hadi lori lipotee, huku wapita njia wakimshangaa. Kila Alanyo alipopiga simu, yeye alianza na "Poleni sana na msiba." Alanyo, kumbe, alidhani hivyo ndivyo Wakenya wanavyosalimiana, akawa anajibu, "Asante mzee, na nyinyi poleni."

Sasa simu ya tuzo. Ilipigwa tena, halafu Alanyo mwenyewe akapiga akathibitisha: si wezi, kuna shirika linatuza vikundi vilivyoboresha matibabu vijijini, kikundi chao kimechaguliwa, na fundi ni mmoja wao. Afike hotelini, Nakasero. Masinde akaniambia nimsindikize kwa sababu hakuwa na hakika kama anakwenda kupewa zawadi au kulaumiwa.

"Pengine wanatuza watu wanaozika vizuri," nikamwambia.

"Hilo lingekuwa na maana," akanijibu, na hakuwa anatania.

Tulifika na makoti yetu ya mazishi, maana hatuna mengine. Ukumbi ulikuwa na zulia la kuzamisha kiatu. Alanyo alitukaribisha mlangoni, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, na pembeni yake mama mmoja kijana, Nafuna, aliyekuja kutoka kijijini na mtoto mgongoni. Tukaketi. Taa zikapunguzwa, picha zikaanza kuonyeshwa ukutani.

Picha ya kwanza ilikuwa trela. Waliipaka nyeupe, lakini Masinde aliitambua kwa mshono wake wa kuchomelea kama unavyomtambua mwanao. Juu yake alikuwa amelala mwanamke mwenye mimba, amejifunika kanga, mwendesha boda boda mbele, njia ya matope, na mwanamke yule anacheka.

Masinde akaniinamia.

"Ondiek," akanong'ona, "wamelaza mtu mzima humo. Mtu aliye hai."

Mimi mwenyewe nywele zilinisimama. Kwetu na kwao, chombo cha maiti ni cha maiti. Aliye hai hakigusi, sembuse kulala humo, tena mwenye mimba. Na ile pichani haikuwa ya pili wala ya tatu. Ilikuwa ile ya kwanza, iliyombeba mwalimu na wengine kabla yake. Masinde akainuka, akamshika Alanyo mkono, akamtoa nje kwenye veranda. Nikawafuata.

"Mama, unajua ile trela ilikuwa ya nini?"

Alanyo akatazama huku na huku kwanza. "Mimi najua, mzee. Lakini nilijua nyuma sana. Ile siku ya kwanza mvua ilikuwa napiga, mama mmoja damu inatoka, gari hakuna. Mimi niliona kitanda iko na magurudumu. Niliuliza nani? Nilimweka tu. Akafika hospitali kubwa mzima, na mtoto mzima. Hii kitu yako haitikisi mtu, mzee!"

"Haitikisi maiti," Masinde akasema. "Niliifanya isitikise maiti."

"Hapana sema hiyo maneno huko ndani. Tafadhali. Wamama hawajui. Wakisikia, hakuna mtu atapanda tena. Watarudi kutembea na miguu, watazaa njiani, watakufa. Wewe nataka wakufe?"

"Sitaki mtu afe. Lakini nitapokeaje zawadi kwa kulaza watu hai mahali pa wafu? Moreen ataniona mtu gani?"

"Mimi sijui Moreen. Mimi najua wamama wangu."

Masinde akanigeukia. Miaka yote hiyo alitaka kubishana nami, na siku hiyo ndiyo alitaka jibu. Akinyamaza, anadanganya na kumtia najisi mtu asiyejua. Akisema, anawarudisha akina mama matopeni. Nilimwambia anyamaze, kisha nikamwambia aseme, kisha nikamwambia aniache. Kichwa kilikuwa kimenivurugika kuliko chake.

Tukaitwa. Mwongoza sherehe, bwana wa tai aliyezungumza Kiingereza cha haraka, alimweka Masinde mbele ya kipaza sauti na kumwomba aeleze wazo hili zuri alilipata wapi. Alanyo akasimama kando kutafsiri. Nafuna naye alikuwa palepale jukwaani kama mama aliyesaidiwa.

Masinde alizungusha kofia mikononi. Nilidhani atashukuru ashuke. Sasa nakwambia, nilimwombea ashuke.

"Nilikuwa na mke," akasema kwa Kiswahili. "Alikufa. Tulimpeleka nyumbani kwa mkokoteni, akawa anagonga mbao njia nzima. Nikatengeneza trela ili maiti wetu wasigonge. Sikutengeneza ya mtu aliye hai. Hiyo mnayoiona ukutani imebeba majeneza. Mimi sijui kuokoa mama. Sijui kwa nini niko hapa. Kama kuna mama alipanda bila kujua, namwomba msamaha."

Ukumbi ukamgeukia Alanyo kusubiri tafsiri. Alanyo akafungua mdomo, akaufunga. Bwana wa tai akatabasamu, akasubiri, akatabasamu tena. Akauliza mzee anasemaje. Alanyo alikuwa akimtazama Nafuna, na macho yake yalikuwa yamejaa maji, kwa maana kazi yake yote aliiona inakwisha hapo mbele ya watu wa suti.

Nafuna aliishi mpakani. Kiswahili alikisikia chote. Akamsogeza mtoto mgongoni, akamsogelea Masinde.

"Mzee, kwani unafikiri sisi hatuna macho?" akamwambia. "Siku mlileta mwalimu na hiyo kitu, si nilikuwa nimesimama barabarani? Kijiji mzima tulikuwa tumesimama. Tulilia na nyinyi."

Alanyo akashika mdomo. "Nafuna! Nyinyi mlijua?"

"Wote, sista. Hata ulipopaka hiyo rangi nyeupe yako, tulikuangalia tu."

"Na ulipanda?" Masinde akauliza. "Ukijua?"

"Nikijua."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa sana. Nilipolala nilisema, basi, nimeshawekwa." Kisha akamwuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kujua: "Lakini mzee, kulikuwa na chombo kingine?"

Alilia. Mtu aliyezika mkewe bila kutoa chozi alilia mbele ya Nakasero nzima, kofia usoni, mabega yakimtikisika, na bwana wa tai akaona ni furaha, akaanza kupiga makofi, na ukumbi wote ukasimama ukapiga makofi. Mimi nilibaki nimekaa. Sikujua kama nashuhudia sherehe au matanga.

Alipewa kioo kilichochongwa jina la kikundi, akakikabidhi kwa Alanyo. Nje, wakati wa kuagana, Nafuna alimwambia jambo moja tu zaidi: mtu akilala humo anaona mawingu peke yake, hajui amefika wapi, na hofu inazidi. Kama angeweza kuinua upande wa kichwa, mtu aone njia.

Masinde alianza kazi hiyo kesho yake. Siku kadhaa alikuwa mtu wa kununa, anakata, anafuta, anakata upya, anauliza hewa maswali. "Nimeheshimiwa au nimelaaniwa, Ondiek?" Nikamwambia sijui. Akasema hata yeye hajui, na kwamba nilikuwa na manufaa zaidi nilipokuwa mbishi.

Trela ilipokuwa tayari, na egemeo la kichwa lililoinuka vizuri, ilibidi mtu ailalie ili ajue kama pembe ni sawa. Aliniomba mimi. Nikakataa katakata, na sioni haya kusema: mimi Mjaluo, mtoto wa watu, silali humo. Akaangalia barabara, akaangalia trela. Kisha akavua viatu, akapanda mwenyewe, akanyoosha miguu, akaegemeza kichwa.

"Unaona nini?" nikamwuliza.

"Naona njia," akasema. "Sukuma."

Nikashika vyuma, nikamsukuma katikati ya Katwe mchana kweupe, watu wakitupisha na wengine wakivua kofia.